Maombi Yangu Juu ya Sahani Wazi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wa maabara, maana wao wakisimulia wanaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi Ndunge niliyetangazia chumba kizima ugonjwa ambao haukuwepo, ugonjwa uliotoka mdomoni mwangu, na ndiyo, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Chekeni tu, mkimaliza nitaendelea.

Kazi yangu hapa Machakos ni kukata, na si nyama. Nakata vipande vya majani, vyembamba mpaka vikielea juu ya maji unaona mng'ao wa fedha tu, nakata kwa kisu cha almasi, halafu navisogeza kwa ukope mmoja uliobandikwa kwenye kijiti (ukope wangu mwenyewe, msiulize niliung'oa vipi). Nikimaliza navipandisha kwenye kipande cha shaba chenye matundu kama chujio, kidogo kama punje ya mtama, navitia dawa, ndipo vinaingia kwenye hadubini ya elektroni, ile inayoonyesha mpaka kirusi. Ni kazi ya kubana pumzi. Ukikohoa tu, vipande vyote vimehama.

Sasa, kulikuwa na Mama Mwikali, mkulima wa kule Ekalakala, ndengu zake zilikuwa zimegeuka manjano. Majirani wakasema ni kirusi, kitaruka mpaka kwao, ang'oe shamba lote. Yeye akakataa katakata, akasema hizo ndengu ndizo anazotegemea msimu mzima na hang'oi kitu mpaka aonyeshwe. Kikundi chao cha wakulima kikaamua hivi: maabara ikisema ni kirusi, zing'olewe siku hiyo hiyo, ikisema si kirusi, zibaki. Bosi wangu, Daktari Musyoka, akaona hapo ni mahali pa kujionyesha, akaita wakulima waje kutazama, akaita na wakubwa wake kutoka Nairobi.

Lazima niwaeleze kitu kimoja. Ile dawa ya mwisho iko na madini ya risasi, na haipatani na pumzi ya mtu kabisa. Ikipata ile hewa unayotoa, inaganda vidoadoa vyeusi na kazi imeharibika, kwa hivyo inakaa kwenye sahani yenye kifuniko, na ukifungua unafungua kidogo sana, mdomo umefunga. Ni kitu cha kwanza nilichofundishwa. Lakini wageni walikuwa wamenizunguka wananyoosha shingo, nami nikajiambia, wacha nitoe kifuniko mara moja tu waone. Nikatoa.

Hapo hapo Mzee Kioko, mwenyekiti wa kikundi (ni katekista pia), akavua kofia. "Binti yetu, hatuwezi kuanza kazi kubwa hivi bila maombi. Tuombee."

Haya niambieni, nani kwetu ataambiwa na mzee aombe, mbele ya watu, aseme ngoja kwanza nifunike sahani? Nikainamisha kichwa, na kichwa kikiinama, mdomo uko wapi? Juu ya sahani! Na mimi nikianza kuomba si mchezo, mama yangu alinilea kwenye kikundi cha maombi, nikaombea mvua, nikaombea wageni na barabara waliyokuja nayo kutoka Kyumbi, nikaombea Mama Mwikali na ndengu zake kwa jina, nikaombea hata kisu. Wakaitikia amina kwa nguvu, wote wameinama pale pale.

Nikatia shaba zangu kwenye dawa ile ile, tukanywa chai. Shaba zangu zikaoshwa, zikakauka, nikaziingiza, picha ikatokea kwenye skrini kubwa imejaa vidoa vyeusi. Na mimi, kwa vile mkubwa mmoja wa Nairobi alikuwa ananitazama na nilitaka ajue naijua kazi, sikungoja Daktari, nikanyoosha kidole. "Hivyo ndivyo virusi."

Mama Mwikali akauliza, "Hivyo vyote?"

"Hivyo vyote, mwaitu," nikamjibu, yaani mama kwa Kikamba.

Akatoa simu pale pale, maana akishakubali kitu amekubali, akampigia mwanawe, akamwambia aanze kung'oa, majirani wamsaidie.

Daktari Musyoka akasogelea skrini, akatazama, kisha akanivuta kando. "Ndunge, vidoa viko mpaka mahali hakuna jani. Kirusi kinakaa hewani? Hiyo ni risasi imeganda. Ulifungua sahani?"

"Nilifungua. Nikaomba."

"Nyamaza kwanza. Wageni wakishaenda tutampigia huyo mama polepole. Usituaibishe."

Polepole! Na kule Ekalakala watu wameinama wanang'oa! Nikakasirika, na nusu ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe kwa mdomo wangu, nikapanda juu ya kiti na glavu zangu. "Mwaitu, piga simu tena! Waambie waache kung'oa! Hivyo si virusi, ni pumzi yangu! Niliomba juu ya dawa, dawa ikaharibika!"

Asi! Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mzee Kioko akauliza kwa upole kama namaanisha maombi ndiyo yamegeuza ndengu manjano. Mgeni mmoja akacheka mpaka miwani ikaanguka, na Daktari akafunika uso. Lakini Mama Mwikali alikuwa ameshika simu sikioni, haishikwi, akapiga tena, haishikwi, mimi bado niko juu ya kiti, mara ya tatu ikashikwa. "Ekai!" akapiga kelele kwa Kikamba. "Ekai! Wacheni!"

Laini nne za ndengu zilikuwa zimeshang'olewa.

Kesho yake nikakata upya, sahani imefunikwa, mdomo nimeufunga kwa plasta (si utani). Nilitazama shaba moja baada ya nyingine na Daktari akatazama nyuma yangu, na hatukuona kirusi hata kimoja. Afisa wa kilimo alipopima udongo akasema umechoka, unataka mbolea. Nikampigia Mama Mwikali mwenyewe, nikamwambia zile laini nne nitakuja kuzipanda kwa mikono yangu.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Na usiombe. Lima."

Nililima, na malengelenge nilipata. Sasa Daktari Musyoka anataka barua mbili za kuomba radhi, moja ya kufungua sahani, nyingine ya kupanda kiti na kupiga kelele mbele ya wageni. Ya sahani niliandika siku ile ile, na sahani sitafungua tena mbele ya watu hata aje askofu. Ya kelele siandiki.