Mama Mahbuba Kwenye Barua Pepe ya Tijani

Tijani, jirani yangu wa meza katika maabara ya kupima mafuta ya zeituni hapa Sfax, alikuwa akisoma barua pepe za kazini kwenye dirisha jeusi lenye maandishi matupu. Hakuna picha wala pa kubofya. Ukimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, anakuuliza, "Na mkate je, nao umepitwa?" huku vidole vikikimbia kwenye kibodi. Kahawa yangu haijapoa, keshajibu barua zote.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, ofisi ikatangaza kwamba nywila peke yake haitoshi tena. Ukitaka kuingia, kompyuta inakuonyesha namba, nawe unaiandika kwenye simu janja. Dirisha jeusi halikuyajua hayo. Likamkatalia katakata.

"Tumia kivinjari kama wenzako," alisema Raudha, msimamizi wetu wa mitambo ya kompyuta, bila kuinua kichwa.

Kivinjari sawa, lakini simu? Ya Tijani ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupokelea basi. Mkewe, Emna, ni muuguzi, simu yake hushinda kabatini wodini. Ikabaki ya mama mkwe, Mama Mahbuba, aliyeletewa simu janja na mwanawe kutoka Marseille. Tijani akasajili hiyo, na hakumwambia mtu ila mimi, ambaye ningesikia tu.

Wawili hao hawakuwa na mazungumzo. Mama Mahbuba alitaka binti yake aolewe na mfamasia, na tangu harusi yeye na mkwewe walisalimiana wakaishia hapo. Sasa kila asubuhi ikawa lazima ampigie.

"Asalaam alaykum, Mama. Andika arobaini na saba."

"Wapi?"

"Hapo palipotokea kisanduku."

"Ngoja nivae miwani. Eh, Tijani, mbona unakohoa? Emna hakupi asali?"

"Mama, namba itapotea!"

"Ipotee, itakuja nyingine. Nimekuuliza asali."

Ikienda hivyo, anaingia kwenye barua zake ameshapewa na dawa ya kifua na kusimuliwa habari za goti la mama mkwe.

Ramadhani ilipoanza, asubuhi moja simu ikachukua muda mrefu. Nikamwona Tijani anashika kichwa.

"Mama, umebonyeza nini?"

"Imeniuliza kama ni mimi ninayejaribu kuingia. Nikabonyeza 'Hapana, si mimi.'"

"Lakini Mama..."

"Lakini nini? Ni mimi? Mimi niko jikoni naloweka dengu. Nimefunga, Tijani. Unataka niidanganye simu mchana wa Ramadhani?"

Mtambo ukaamini kuna mwizi, ukaifunga akaunti yake. Raudha akaja mbio.

"Bwana Tijani, kuna mtu anaiba barua zako!"

"Hakuna mwizi. Ni mama mkwe."

Alipoelezwa, alikaza uso kama anayetaka kufoka, kisha akaangua kicheko mpaka akaegemea kabati la sampuli. Baadaye ndipo alipofoka. "Ufunguo wa ofisi unampa mtu nyumbani? Mbona hukuniambia huna simu?"

"Ungeniambia ninunue."

Ni kweli Raudha angemwambia hivyo.

Mchana huo alileta kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, unakigusa kwa kidole badala ya kuandika namba. Kisha, nadhani kwa sababu bado alikuwa na kicheko moyoni, akavuta kiti. "Haya, nionyeshe hilo dirisha lako."

Akaliidhinisha upande wake, akaweka programu ndogo kando ya dirisha hilo. Kivinjari kikafunguka mara moja tu, Tijani akaingia, akagusa kifunguo, akakubali. Programu ikapewa tokeni, kibali cha kuingilia badala ya nywila, na ikawa inakihuisha yenyewe. Barua zikaanza kushuka kwenye ule weusi, mstari kwa mstari. Tijani alipiga meza kofi moja tu.

Kesho yake simu yake ikalia asubuhi.

"Leo huingii?" akauliza Mama Mahbuba.

"Nimeshaingia, Mama. Siku hizi naingia mwenyewe."

"Aa. Basi vizuri."

Tijani akatazama barua zake, akaziacha. "Na goti lako, Mama, limelalaje?"

Akatoka na simu kwenda ukumbini. Alirudi baada ya muda mrefu, akaniambia jioni wanafuturu kwa mama mkwe, kuna briki, zile sambusa za samaki na yai, na yeye ndiye aliyeombwa alete mayai.