Jogoo wa Upatanisho Aliyezeeka Uani Kwangu

Naanza na kosa lenyewe, nisije nikajificha nyuma ya maneno: nilimpa mdogo wangu mtihani wa wokovu, mimi nisiye Mungu, na kwa miaka miwili sikumpa matokeo.

Mimi ni mwalimu wa dini katika shule moja ya kanisa hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Chuoni, somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la kutofautisha upatanisho na wokovu. Kwa kifo cha Kristo, uadui kati yetu na Mungu umekwisha: huo ni upatanisho. Kwa uzima wake tunaokolewa siku hadi siku: huo ni wokovu. La kwanza ni mlango. La pili ni kuishi ndani ya nyumba. Somo ni zuri. Ubaya ulikuwa kwa mwalimu.

Mdogo wangu nitamwita Feza. Ameolewa Kabambare. Mama yetu alipofariki, alifika siku mbili baada ya mazishi, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara na pikipiki ikalala matopeni. Nilisema mbele ya waombolezaji kwamba angempenda mama angekuja kwa miguu. Naye akajibu kwamba nimezoea kusahihisha hata misiba. Mwaka mzima hatukusemezana.

Aliyevunja ukimya ni yeye, ingawa aliyekosa ni mimi. Alikuja na jogoo mwekundu. Katika ukoo wetu anayetaka kupatana huleta jogoo. Huchinjwa siku ile ile, na waliogombana hula katika sahani moja mpaka mifupa ibaki myeupe. Baada ya hapo, neno la zamani halitajwi tena.

"Yaya," akasema, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "nimechoka. Tukule hii jogoo, iishe."

Maji yalikuwa yanachemka, kisu kimo mkononi mwa mume wangu. Hapo ndipo elimu iliponipanda kichwani. Nilimweleza Feza kwamba upatanisho nimeupokea, lakini karamu ni alama ya wokovu, na wokovu huonekana katika maisha. Nikishayaona maisha mapya, jogoo atachinjwa.

"Kwa hiyo tumepatana?" akauliza.

"Tumepatana."

"Lakini hatukule."

"Bado."

Mume wangu akatazama sufuria. "Sasa hii maji ya moto tufanye nayo nini?"

"Oga," nikamjibu.

Jogoo akabaki. Wanafunzi wangu wakamwita Upatanisho, naye akakua akiwachukia watu wote bila ubaguzi. Alimfukuza shemasi mpaka barabarani. Aliwapiga majogoo wa mtaa mzima. Siku moja jirani yangu Baba Saidi, Mwislamu mpole anayeuza vitambaa sokoni, alibisha hodi.

"Mwalimu, mimi siingilie dini ya mutu. Lakini Upatanisho yako iko anakula muchele yangu kwa mukeka."

"Nivumilie, Baba Saidi. Ninangoja wokovu wa mdogo wangu."

Akafikiri kidogo. "Itakuja mbele ya mavuno ao nyuma?"

Feza alirudi mara tatu, kila mara akiwa amevaa vumbi la njia nzima. Aliketi penye kiti cha wageni, akauliza, "Yaya, bado?" Nami sikukosa sababu. Mara ya kwanza alimcheka jogoo. Mara ya pili alifika kwangu kabla ya kupita kwenye kaburi la mama. Mara ya tatu sikumwona na kosa lolote, nikashuku kwamba anajifanya.

Mara ya nne hakuja. Ilikuja barua, mkononi mwa motari wa pikipiki.

"Yaya, binti yako, ule nilimuzaa mimi, ameolewa Jumamosi. Kumutoa bibi harusi mulangoni ni kazi ya mama mukubwa, lakini sikujua kama mimi ni ndugu yako kabisa ao nusu. Mama mumoja jirani yangu ndiye alimushika mukono. Tumepatana, ninajua. Ile ingine ningali ninangoja."

Niliisoma nimesimama. Kisha nikamfunga jogoo miguu, nikapanda pikipiki ile ile iliyoleta barua.

"Mama, huyu ni mugonjwa?" motari akauliza.

"Hapana. Tunampeleka kwenye wokovu."

Akamtazama jogoo kwa huruma. "Basi yeye hajaambiwa."

Nilifika Kabambare nimejaa matope, nikapiga magoti uani kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, yaliyotoka ni mawili tu: "Nimekosa, Feza." Yeye alikuwa anampapasa jogoo kifuani.

"Amezeeka, yaya," akasema. "Sisi pia."

Tulimchemsha tangu saa sita mchana hadi jua linashuka, na nyama bado ilikataa. Tulikula katika sahani moja, tukitafuna muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kulitaja neno la zamani hata kama angetaka. Feza alikuwa wa kwanza kucheka. Mimi nilikuwa ninalia, na mfupa umo mdomoni.

Kisha bibi harusi akaja kutusalimu. Yule mama jirani aliyemshika mkono alikuwepo. Bibi harusi akamwita yeye "mama mukubwa". Mimi akaniita "Mwalimu". Kwa mara ya kwanza maishani, sikumsahihisha mtu.

Wewe unayesoma, labda una jogoo wa mtu amefungwa nyuma ya jiko, unangoja aliyemleta awe mwema kwanza. Mungu hakutungoja hivyo; alipatana nasi tungali adui zake, ndipo akaanza kutuokoa. Mimi niligeuza mambo: nilimweka ndugu yangu mlangoni miaka miwili, nikamwambia ameshafika. Wokovu niliokuwa ninaudai ungeanzia pale pale penye sahani, na aliyeuhitaji zaidi nilikuwa mimi. Maji yakichemka, mchinje siku hiyo hiyo.