Siku Niliyohesabu Madawati

Watu husema shule ni mwalimu, jengo si kitu. Wanaosema hivyo watoto wao wanasikia kwa masikio yote mawili. Binti yangu anasikia kwa moja, la kulia. La kushoto liliharibika akiwa na miaka mitatu, na ukimwita kutoka upande huo hageuki, hata umwite mara tano. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia tunahama Shinyanga mjini kwenda upande wa Geita, sikumuuliza habari za nyumba wala za maji. Nilimuuliza darasa la huko lina watoto wangapi.

"Nitajuaje?" akasema. "Mimi nafuata karasha."

Karasha ni mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na yeye ni fundi wake. Alikuwa amepata kazi kwa mtu mwenye karasha nne, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu bado kuna watu huko wanaonisalimia. Binti alikuwa anaingia darasa la sita. Ukimharibia la sita, la saba linamkuta na mtihani wake hajajiandaa, na mtoto asiyemsikia mwalimu hafanyi mtihani, anabahatisha. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo mwezi mzima, na kila aliyenishauri jambo lingine nilimwona adui.

Adui wa kwanza alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayelima mpunga Kharumwa. Alipiga simu siku aliyosikia tunahama.

"Njooni kwangu," akasema. "Mwanamume aende kwenye mashine zake, Jumamosi atakuja. Mtoto asome hapa. Shule naiona nikiwa jikoni kwangu, nitasimamia mwenyewe akae mbele."

Alisema kwa ile sauti yake ya kuswaga ng'ombe. Nikamjibu tutaona, na sote wawili tukajua maana yake ni hapana.

Niiseme chuki hii ilikotoka. Sikio la mtoto lilipoanza kutoa usaha, nilimtia mafuta ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kitunguu saumu, kama bibi yangu alivyotutia sisi. Wifi alikuwa amekuja kututembelea. Akasema mpeleke hospitali leo hii. Nikamwambia mtoto ni wangu. Nilimpeleka baada ya wiki mbili, na daktari akaniuliza nilikuwa wapi. Tangu hapo wifi akija kwetu hulitazama sikio kwanza, halafu mimi. Hajawahi kusema neno, na hicho ndicho kilichonichoma. Angesema tungegombana yakaisha. Mwaka uliofuata niliacha kumwamkia. Ni mkubwa kwangu, shikamoo ni haki yake, lakini mimi nikawa nampa "habari za saa hizi" kama mtu niliyekutana naye dukani.

Basi Kharumwa nikaifuta. Nkome kulikuwa na nyumba ya rafiki wa mume wangu, karibu na ziwa, na shule niliipenda, lakini akasema kutoka huko mpaka kwenye karasha atakuwa anaishi barabarani. Nikakasirika. Akacheka, akasema mchagua jembe si mkulima.

"Jembe lenyewe analilimia mwanangu," nikamwambia. "Wewe cheka."

Mwishowe tukaenda kukiona kijiji chenyewe cha karasha, Jumatano asubuhi, mimi nikiwa nimeshakunja uso tayari kukataa. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona sare za shule miaka mingi, na shule huwa naisoma kwenye kola. Kola iliyochanika ikaachwa inaniambia nyumbani hakuna mtu. Kiraka cha rangi nyingine kinaniambia mtu yupo ila hana kitu. Nilisimama kwenye dirisha la darasa la sita nikatafuta kola mbovu, sikuiona hata moja. Shati zimefuliwa, sketi zina marinda yaliyopigwa pasi. Nikahesabu watoto: thelathini na wawili. Wamekaa wawili wawili. Mwalimu anatembea katikati ya madawati, anainama, anasahihisha daftari la mtoto mmoja mmoja. Nyuma ya darasa kulikuwa na madawati mengine yamepandanishwa mpaka karibu na dari.

Nikamnong'oneza mume wangu, "Shule hii ina mpaka madawati ya akiba."

Mwalimu mkuu alikuwa kijana mpole. Nilimuuliza kuhusu vyoo, akanionyesha. Nilimuuliza walimu wako wangapi, uji unapikwa siku ngapi, darasa la saba wanafaulu vipi. Alinijibu yote, na baadaye niligundua hakunidanganya hata neno. Tulipotoka getini nilikuwa na furaha ya kumkomoa mtu. Nilimpigia wifi nikamwambia tumepata shule, darasa lina watoto thelathini na wawili. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili.

Tukahamia. Wiki mbili za kwanza binti alikaa dawati la mbele na kurudi nyumbani anasimulia masomo bila kuulizwa. Nikafungua cherehani barazani. Nikaanza kumsalimia kila mtu kwa bashasha, jambo ambalo si desturi yangu.

Jumatatu ya wiki ya tatu niliona watoto wakipita mbele ya baraza kwenda shule, nikadhani kuna sherehe. Hawakuisha. Wengine walikuwa wakubwa, mabega yamepanuka, nywele zimeshika vumbi la mawe ambalo halitoki kwa kuoga mara moja. Kola zao zilikuwa mbovu. Saa nne wanawake wakaanza kuniletea sare za kushona, zimechanika kwapani na mabegani, mahali ambapo sare ya mtu anayekaa darasani haichaniki.

"Hawa walikuwa wapi?" nikamuuliza mmoja wao.

"Kwenye rashi," akasema. "Imekauka, wamerudi."

Rashi ndivyo wanavyoita dhahabu inapoonekana mahali papya na watu wakapakimbilia. Ilikuwa imefumuka nyuma ya mlima, wiki chache kabla ya sisi kuja kukagua shule. Wazazi walikwenda kuchimba, watoto wakawafuata kubeba maji, kuponda mawe na kuuza maandazi. Waliobaki darasani siku ile walikuwa watoto wa wenye maduka na wenye karasha. Ndiyo maana kola zilikuwa nzima. Yale madawati ya akiba yalikuwa ya wenyewe, wako mlimani.

Jioni nilimsubiri mume wangu mlangoni.

"Ulijua kuna rashi?"

"Nilijua. Bila rashi karasha zingesaga nini?"

"Na hukuniambia."

"Sikujua inahusu shule," akasema, na nilimwona kabisa kwamba anasema kweli, na hilo likanipandisha hasira zaidi. Kichwani mwake mawe yalikuwa upande mmoja na watoto upande mwingine. Sikumpa maji ya kuoga siku ile, akajichotea mwenyewe.

Darasa la sita sasa lilikuwa na watoto mia moja na kumi. Madawati yaliteremshwa, wakakaa wanne wanne, watano watano. Binti yangu ni mrefu kama baba yake, na warefu waliwekwa nyuma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akaacha kusimulia masomo. Nikimuuliza leo mmesoma nini, ananionyesha daftari lenye kurasa nusu nusu. Ndani ya mwezi mwalimu wa darasa alimwandikia kwamba ni mzito wa kuelewa. Mtoto wangu si mzito.

Nilikwenda shuleni. Nilimwambia mwalimu wa darasa namtaka mwanangu mbele.

"Kwa nini mama?" akauliza. "Kila mzazi anataka mbele."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema mtoto amezoea kukaa mbele, basi. Sikutaja sikio. Ukitaja sikio unaulizwa lilipatwa na nini, na lini, na ulifanya nini, na mimi maswali hayo nilishaulizwa na daktari. Mwalimu akatikisa kichwa. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwambia alinionyesha darasa la uongo.

"Mama," akasema taratibu, "siku ile ulihesabu waliokuwepo. Daftari la mahudhurio lilikuwa mezani kwangu. Hukuuliza wengine wako wapi."

Nilimchukia kwa jinsi alivyosema bila kupandisha sauti. Nilitamka maneno ambayo mke wa mtu hayatamki mbele ya walimu, nikaondoka.

Kilichomwokoa binti kwa muda kilikuwa msichana aliyekaa naye dawati moja, upande wake wa kulia. Alikuwa mkubwa kumzidi, amerudi na wale wa rashi. Hakuambiwa na mtu, aligundua mwenyewe kwamba mwenzake hasikii. Mwalimu akiita jina, anampiga kiwiko. Mwalimu akisema jambo lisiloandikwa ubaoni, analiandika kwa penseli pembeni ya daftari la binti yangu, kwa herufi ndogo. Nilizikuta hizo herufi nikauliza ni za nani. Kesho yake msichana alikuja na shati lake, kola inaning'inia upande mmoja, nikamwambia aliache nilitengeneze. Alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja mama," akaenda kwao na gauni la nyumbani. Shuleni akawa anakwenda na sweta juu kuficha kwamba hana shati. Mimi nikawa na kazi nyingine za kulipwa, kola yake ikasubiri.

Asubuhi moja niliwaona wanaume wanapita barabarani na sululu na viroba vitupu, wanakimbia kidogo, wanatembea, wanakimbia tena. Jirani akapaza sauti kwamba rashi mpya imetoka, ng'ambo ya mto. Nikafurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliketi kwenye cherehani nikiangalia familia nzima nzima zinapita na masufuria kichwani, na kila mtoto aliyepita nilimtoa kwenye lile darasa kwa moyo mweupe. Mpaka saa tatu nilikuwa nimefika sabini.

Binti alirudi mchana anakimbia.

"Mama, leo nimekaa mbele. Nimesikia kila kitu. Mwalimu kaniuliza maswali matatu, yote nimepata."

"Alhamdulillahi," nikasema, mikono miwili juu.

Akanitazama. Kisha akatazama cherehani.

"Mwenzangu hayupo," akasema. "Kaenda na mama yao kubeba maji kwenye maduara, kule mashimoni kwa wachimbaji. Ametuma mtu aniambie nimwekee shati lake." Akaligusa shati lile kwa kidole. "Mama, unashukuru nini?"

Nikamwambia chakula kiko kwenye sufuria, akapakue.

Kola ya yule msichana ilikuwa bado kwenye cherehani, imeshonwa nusu, sindano imeshuka kwenye kitambaa. Ningeimaliza kwa dakika kumi tangu siku aliyoileta. Niliimaliza mchana huo, nikapiga pasi, nikaliacha shati kwa jirani yao. Nilikasirika na kila kitu: na mume wangu, na mlima, na yule mama aliyemchukua mwanawe darasani, halafu nikakumbuka kwamba mimi nimetoka kushukuru kwa jambo hilohilo analofanya. Mkuki kwa nguruwe. Nikachukua simu.

"Shikamoo wifi."

Nilisikia akiweka sufuria chini. Nadhani alikuwa anahesabu miaka.

"Marahaba," akasema. "Mnakuja lini?"

Tulihamia Kharumwa mwisho wa muhula, mimi na mtoto, na mume wangu akawa anakuja Jumamosi, kama dada yake alivyosema tangu mwanzo. Siku ya kwanza wifi alivaa kanga mpya akatutangulia kwenda shule bila kuniuliza kama nataka kusindikizwa. Sikuhesabu madawati. Tulipofika mbele ya mwalimu wa darasa nikaanza maneno yangu kwamba mtoto amezoea kukaa mbele. Wifi akanikatiza.

"Sikio la kushoto halisikii," akasema, kwa sauti ileile ya kuswaga ng'ombe, watoto wote wakageuka. "Lilichelewa kupelekwa hospitali. Akae mbele, upande huu wa kushoto, sikio zima limwelekee mwalimu."

Neno nililolikimbia miaka minane lilisemwa hivyo, mbele ya darasa zima, na mimi nimesimama hapo. Nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu hakuniuliza lilikuwaje, wala lini, wala nilikuwa wapi. Alisema, "Sawa mama," akamwinua mtoto wa dawati la kwanza, akamkalisha wangu. Ikaishia hapo.

Mtoto sasa yuko la saba, na jioni anasimulia masomo mpaka nachoka. Wifi nampa shikamoo yake kila asubuhi. Kumpenda, bado.