Aliyesimama Mahali pa Chepchirchir

Choo wanachotumia akina Nangila kiko mwisho wa safu ya nyumba, karibu na mfereji, na kinatumiwa na familia nyingi. Kwa mtu mwenye miguu yake ni mwendo mfupi tu. Kwa Nangila ilikuwa safari, kwa sababu kila asubuhi alikwenda huko akiwa amembeba mwanamke mwenzake mgongoni, amemfunga kwa leso, mkono mmoja ukiwa nyuma kumtegemeza na mwingine ukishikilia ukuta. Siku za kwanza watu wa mtaa wa Bondeni walitoka milangoni kutazama. Hawakushangazwa na uzito wa mzigo. Walishangaa kwa sababu walimjua anayebebwa. Alikuwa Chepchirchir, mke wa pili wa marehemu Nyongesa, na Nangila ndiye aliyekuwa mke wa kwanza.

Nangila alikuwa anakaribia miaka sitini. Aliishi kwa kuuza uji na mandazi kando ya barabara, kwa mafundi wa magari wanaofungua kazi mapema. Mgongo wake ulianza kumsumbua zamani, lakini mwaka huo ulianza kumwamsha usingizini. Alikuwa akiketi kitandani, anasubiri maumivu yapungue, kisha anainuka kumgeuza Chepchirchir upande wa pili ili asitoke vidonda.

Nyongesa alikuwa mekanika katika kiwanda cha kusaga unga, mtu mcheshi aliyependwa na wengi. Yeye na Nangila walifunga ndoa kanisani, wakapata Quincy na Shantel. Watoto walipokuwa bado shule ya msingi, Nyongesa alianza kuchelewa kurudi, halafu akaanza kulala nje. Mwishowe Nangila akasikia kwa wengine kwamba kuna mwanamke amepangiwa nyumba Njoro, msichana aliyekuwa akiuza maziwa. Hakugombana naye. Hakuwahi hata kwenda Njoro kumtazama. Aliendelea kupika, kulea, na kwenda kanisani.

Kanisa lao lina sheria ya zamani. Mwanamume akiongeza mke, yeye na huyo mke wa pili hawakaribii Meza ya Bwana. Mke wa kwanza hana kosa, anaendelea kushiriki. Kwa hiyo kwa miaka mingi, kila Jumapili ya meza, Nyongesa alibaki kwenye benchi la nyuma akitazama viatu vyake, na Nangila akapita mbele peke yake, kitambaa cheupe kichwani, akapokea mkate na kikombe. Chepchirchir alisali katika tawi la kanisa hilo hilo kule Njoro. Mkate ulipoanza kupitishwa, alikuwa akitoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo fulani, na kurudi wimbo wa mwisho ukiimbwa. Alifanya hivyo hata baada ya Nyongesa kufa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kama kifo kilikuwa kimebadilisha chochote.

Halafu kiharusi kikampata akiwa peke yake nyumbani. Hakuwa na mtoto. Hospitali ilipomruhusu, kaka yake Kipkirui alikaa naye kwa muda mfupi, lakini mkewe akakataa kumlea mtu mzima asiyeweza kujisafisha. Siku moja mchana Kipkirui akafika Bondeni na gari la kukodi, dada yake akiwa kiti cha nyuma, mdomo umeenda upande, nguo zake zikiwa ndani ya gunia.

“Mama Quincy,” alisema Kipkirui, amesimama mlangoni na kofia mkononi, “huku ndiko kwa bwana yake. Mimi sina pengine pa kumpeleka.”

Nangila hakuona upendo wowote ukimjaa moyoni. Baadaye watu walipomuuliza, alisema ukweli huo bila aibu. Alimtazama yule mwanamke ndani ya gari, akaona mate yakimtiririka shingoni na hakuna anayempangusa. Akasema, “Mtoe. Jua ni kali.” Basi ikawa hivyo.

Tangu siku hiyo Chepchirchir alilala kitandani na Nangila akalala chini kwenye godoro. Alimlisha, akamwogesha, akafua. Akirudi kutoka kuuza uji, miguu imevimba, alianza kazi upya. Chepchirchir hakuwa mgonjwa mpole. Ugali ulikuwa mgumu mno, au ulikuwa umepoa. Chai haikuwa na maziwa ya kutosha. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini ya kulalamika aliyapata. Asante hakusema. Wakati mwingine Nangila aliweka sahani chini, akatoka, akasimama karibu na mfereji mpaka hasira ipoe, kisha akarudi kumalizia kumlisha.

Habari ilifika kanisani. Pasta Jamleck Thuo, mchungaji wao, alikuwa mtu mwema mwenye sauti nzuri, na aliitumia habari hiyo katika mahubiri. Alisema watu wanatafuta unyenyekevu kwenye vitabu, na kumbe unaishi Bondeni. Akina mama wakapiga makofi. Nangila akainamisha kichwa. Alipotoka, watu walimshika mkono, wakamwambia Mungu atamlipa. Hakuna aliyeuliza kama angependa mtu wa kumsaidia kufua, naye hakusema. Alirudi nyumbani polepole, mgongo ukiwaka, lakini ndani yake kulikuwa na joto dogo ambalo hakutaka kulichunguza.

Chepchirchir alikuwa macho.

“Leo ni ya meza?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Ulikula?”

“Nilikula.”

Chepchirchir akatazama dari. Nangila alikuwa ameshaanza kukoleza jiko aliposikia tena ile sauti nzito.

“Mimi wanaweza kuniletea?”

“Nitauliza,” Nangila akajibu.

Hakuuliza. Jumapili ikapita, na nyingine. Alikutana na pasta mlangoni, akamsalimia, akaenda zake. Alijiambia kwamba amesahau, halafu kwamba pasta ana shughuli nyingi. Kila mara Chepchirchir alipomtazama kwa jicho lile la kuuliza, alisema, “Bado sijampata.” Mwanamke huyu alikuwa amechukua mume. Sasa alikuwa amechukua kitanda, usingizi na mgongo. Meza ndiyo iliyokuwa imebaki. Miaka yote ile Nangila alipokuwa akilala peke yake akijua Nyongesa yuko Njoro, alijifariji kwa jambo moja: kuna mahali ambapo mimi huingia na yeye haingii.

Mwisho wa mwezi Shantel alikuja kumtembelea. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua, akiishi Kamere karibu na ziwa Naivasha, na hakuweza kupata ruhusa mara kwa mara. Alimkuta mama yake amekonda. Wakaketi nje, migongo kwenye ukuta, upepo ukipeperusha vumbi.

“Mum, si umrudishe tu kwao? Umejiangalia kweli?”

“Kwao wapi? Walimleta wenyewe.”

“Wewe utaanguka, halafu nani atakubeba?” Shantel alimmiminia chai. “Na anataka nini tena? Nilimsikia akikuuliza mambo ya pasta.”

“Anataka meza.”

Shantel alicheka, cheko kavu. “Zii. Hiyo usimpe. Alichukua baba, sasa amechukua hadi kitanda. Hiyo ndiyo kitu imebaki yako. Wacha akae nje, ajue vile ulikuwa unaskia.”

Nangila alishika kikombe chake bila kunywa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyokuwa akiyazungusha moyoni wiki zote zile. Lakini kuyasikia yakitoka kwa binti yake, msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusali, kulimfanya ajisikie baridi.

“Usiseme hivyo,” alisema.

“Si ni ukweli?”

“Ni ukweli. Lakini usiseme.”

Wiki iliyofuata alimwomba jirani amtazamie mgonjwa, akaenda kuonana na pasta. Alimkuta ofisini na mzee wa kanisa, Ogada, mtu wa maneno machache aliyesimamia nidhamu ya washiriki tangu enzi za pasta aliyetangulia. Nangila alieleza shida yake akiwa amesimama, kwa sababu akiketi kuinuka kulikuwa kazi.

Pasta Thuo alisikitika. “Mama, wewe umeshafanya zaidi ya wengi. Usijibebeshe na hii.”

“Sijakuja kwa ajili yangu.”

“Kuna utaratibu,” Ogada alisema. “Mtu aliyetengwa akitaka kurudi, anasimama mbele ya kanisa Jumapili, jina linasomwa, anaomba msamaha, anaombewa. Hata mjane. Tukivunja kwa mmoja, tutawaambia nini wengine?”

“Huyu hawezi kusimama. Hata kuongea, mtu asiyemzoea hawezi kumwelewa.”

“Basi hapo ndipo tunakwama,” alisema pasta.

Nje mtu alikuwa akifagia ua, ufagio ukikwaruza saruji. Nangila alitamani wamwambie haiwezekani, aende nyumbani, alale. Alijisikia amechoka hata kwenye meno.

“Wacha nisimame mimi,” alisema.

“Usimame kama shahidi?” pasta aliuliza.

“Hapana. Mahali pake. Msome jina lake, mimi nisimame hapo niuombe huo msamaha.”

Pasta alimtazama Ogada. “Hiyo sijawahi kuona.”

Ogada alikuna kidevu muda mrefu. “Hata mimi,” alisema hatimaye. “Lakini sijui ni wapi imekatazwa.” Kisha akamgeukia Nangila. “Unajua kuna watu watafikiri ni wewe? Kuna wageni wengi siku hizi. Hawatashika jina. Watashika sura.”

“Najua,” alisema Nangila. Alikuwa hajafikiria hilo mpaka wakati ule.

Jumapili ilipofika, aliitwa baada ya matangazo. Alipita katikati ya mabenchi bila kile kitambaa cheupe, kwa kuwa wanaorudishwa hawakivai. Mahali pa kusimama palikuwa chini ya mimbari, mtu akiwatazama watu wote usoni. Ogada alisoma maelezo kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka, akataja jina la Chepchirchir na sababu ya kutengwa. Spika ilikuwa ikikwaruza. Waliomjua Nangila walielewa, na baadhi yao wakainamisha macho. Lakini upande wa vijana msichana mmoja alimwegemea mwenzake akanong’ona, na mnong’ono ukafika mbele: “Huyu mathe alifanya nini?” Mwenzake akajibu, “Alichukua bwana ya mtu.”

Nangila alisikia. Damu ilimpanda usoni. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu akiwa mwenye haki, na kila aliyemtazama alijua hivyo. Alitaka kufungua kinywa aseme, si mimi, mimi ndiye niliyeachwa. Akafikiria wanawake wangapi walisimama hapa akiwa pale benchi la tatu, na namna alivyowatazama.

“Naomba kanisa linisamehe,” alisema, kama walivyokubaliana. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie.

Pasta Thuo aliomba sala fupi kuliko kawaida yake. Siku hiyo hakumtaja katika mahubiri.

Mchana pasta na Ogada walifika Bondeni na mkate na chupa ndogo ya juisi ya zabibu. Nangila alikuwa amemwogesha Chepchirchir, akamvalisha gauni safi, akamwegemeza ukutani kwa mito. Ogada alijikunja kwenye kigoda kilichokuwa kifupi sana kwake. Pasta alisoma, akaumega mkate, lakini mkono wa mgonjwa haukuweza kuushika, na mkono wa pasta ulikuwa hauna mazoea. Nangila ndiye aliyejua upande gani wa mdomo unaotafuna. Akauchukua mkate, akaulowesha kidogo, akaweka. Akashika kikombe, akakiinamisha kidogo kidogo. Juisi ikamtoka Chepchirchir pembeni mwa mdomo. Akampangusa.

Chepchirchir alilia kwa jicho moja. Lile lingine lilikuwa limekauka tangu kiharusi. Wageni walipoondoka, Nangila alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hana nguvu ya kuinuka kuosha vyombo.

“Umechoka,” Chepchirchir alisema.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kuliona hilo, au kulitaja.

“Nimechoka,” Nangila alisema.

“Lala hapa.” Akajaribu kujisogeza kwa ule upande unaofanya kazi, akapata nafasi ndogo. Nangila alisita, kisha akajinyoosha pembeni yake, viatu bado miguuni, akalala usingizi mpaka jirani alipokuja kuuliza kama wako salama.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Ugali uliendelea kuwa mgumu mno. Lakini wakati mwingine Chepchirchir alianza kumsimulia habari za Njoro, na mara moja walicheka pamoja kuhusu jinsi Nyongesa alivyokuwa akikoroma. Ogada alimtuma mkewe, mama mkali wa maneno, kuja kufua siku za Alhamisi, naye alikuja bila kukosa na bila kuongea sana. Mvua za masika zilipoanza, kiharusi cha pili kikaja, na Chepchirchir hakuamka. Kipkirui na watu wake walimzika Njoro. Nangila alikwenda, akakaa na wanawake waliokuwa wakipika, akamenya viazi.

Sasa amerudi kitandani kwake, ingawa mgongo haujarudi ulivyokuwa. Uji bado anauza. Kanisa limejaa wakazi wapya wa mjini, na wengi wao wanamjua kama yule mama aliyewahi kusimamishwa mbele. Juzi mwanamke mmoja kijana, mshiriki mgeni mwenye nia njema kabisa, alimvuta kando baada ya ibada, akamshika mkono kwa mikono miwili.

“Mathe, nilisikia yako,” alisema kwa upole. “Usivunjike moyo. Sisi wote huanguka. Cha muhimu usirudie hiyo maisha.”

Nangila alimtazama. Maelezo yalikuwa marefu, na alikuwa amesimama tangu alfajiri.

“Asante, mama,” alimwambia. “Niombee.”

Kisha akaenda kutafuta kivuli, apumzishe miguu kabla ya kuanza safari ya nyumbani.