Upepo wa Mafuru

Kama umezoea visa vya kuwatishia watoto ili walale mapema, hiki kiache. Hiki kilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, kama saa tano na nusu hivi, nikiwa sijalewa na tumbo limejaa uji. Nakisema kama kilivyokuwa. Usipoamini sipungukiwi kitu, nilishapungukiwa siku ile.

Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Nyakato, Musoma. Kwa fundi hakuna kitu cha kawaida kama upepo. Mtu anapita, "Fundi, nijazie upepo," unamjazia, anaondoka. Mzee Masatu, aliyenifundisha kazi, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza habari ya upepo: "Upepo ni wa Mungu, pampu ndiyo yangu." Miaka yote nilidhani ni utani wake wa kusema kwamba ni bure. Yashike maneno hayo.

Nina mdogo wangu wa kufuatana, Mafuru. Tangu ana miaka kumi na sita alikuwa akibeba samaki kwa baiskeli kutoka mwaloni, mitumbwi inaposhusha, hadi Butiama, tenga la sato nyuma, na kwenye vilima vyote vile hashuki kusukuma. Ingekuwa kutoshuka tu, wenzake wangemsamehe. Alikuwa anapiga mluzi! Wengine wanahema kama ng'ombe wa plau, yeye anapanda na wimbo wa kwaya ya kanisani kwetu, beti zote, na kiitikio anakirudia. Walimtukana sana kwa mluzi ule.

Basi wakaleta tamasha la baiskeli za milimani kwenye senta moja ndogo upande wa Butiama. Jina la senta naliacha, watu wana biashara zao pale. Kulikuwa na maturubai, spika, mama lishe, na baiskeli ambazo mimi fundi niliona aibu kuzigusa. Kijana wa mkoa wetu atakayetangulia angepelekwa kambini Arusha mwaka mzima, apewe baiskeli na mwalimu. Mafuru alikuwa hazungumzi kitu kingine. Mama alishaambiwa amtafute mtu mwingine wa kulima naye.

Mashindano yalikuwa mizunguko miwili ya kilima. Mimi nilipangwa pale kilima kinapoanzia, chini ya majabali, niwasaidie watakaopata pancha. Pampu yangu ilikuwa imekatika mpira, nikaazima ya Mafuru, mpya, aliinunua mwenyewe Bunda.

Mzunguko wa kwanza alipita wa kwanza. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa mluzi.

"Kaka, upo?"

"Nipo! Panda!"

Akapanda, wengine wakafuata, kisha pakawa kimya. Spika zilisikika kwa mbali tu. Nikakaa juu ya jiwe nikawa nakula muwa.

Akaja mtu mmoja akiteremka kutoka kilimani. Baiskeli yake ya zamani, nyeusi, nzito, ile ya breki za vyuma. Suruali ameibana kwa kibanio, shati jeupe, namba ya mashindano hana. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu mdogo, nikampa shikamoo. Hakuitikia. Mdomo ulicheza, sauti haikutoka. Akanyoosha kidole kwenye tairi la mbele, likiwa limelala kabisa. Nikajua ni bubu, nikachukua pampu.

Sasa nisikilize vizuri. Tairi la namna ile linashiba kwa pampu thelathini, arobaini kama mpira umechoka. Nilifika thelathini, laini kama chapati. Nikafika sitini. Nikaweka sikio nisikilize linapovujia, halivuji. Nikainua macho nimwambie mzee, mpira wako umekufa, ndipo nikaona kifua chake.

Nikisukuma, kinapanda. Nikivuta, kinasubiri. Nikisukuma tena, kinapanda tena kidogo. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu afike, mtu huyu sikuwa nimemwona akihema.

Ungekimbia? Kila ninayemsimulia ananiambia yeye angekimbia. Mimi niliendelea kusukuma. Niliogopa sana, lakini mikono ilijiendea yenyewe, kazi imeizoea. Kama kwenye tisini hivi akavuta pumzi ndefu, akaiachia.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa ile shikamoo yangu, ameikumbuka! Niamini, hata leo sehemu hiyo karibu inichekeshe.

Nikachomoa pampu. Tairi lake bado limelala, wala hakuliangalia. Alikuwa anapumua tu, taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Upepo mtamu huu, kijana wangu," akasema. "Wa nani?"

Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi na minne, nimelisikia kila siku ya Mungu. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye ile pampu mkononi, na pampu si yangu, nami sipendi kujisifia kitu cha mtu.

"Wa Mafuru," nikamwambia.

"Mafuru yupi?"

"Mdogo wangu. Namba kumi na nne."

"Umwambie nimeshukuru."

Akapanda baiskeli na tairi lake vilevile, akaelekea njia ya Nyamuswa. Alipofika kwenye kona akaanza kupiga mluzi. Wimbo wa kwaya yetu, beti ya kwanza, na kiitikio akakirudia. Nikatazama chini. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, njia ina tope, matairi ya wote waliopita yameacha alama. La kwake halikuacha kitu.

Sijamaliza kutazama, Mafuru akatokea, mzunguko wa pili. Bado wa kwanza, wa pili wake hata haonekani. Ila alikuja kimya. Uso umekuwa wa majivu, mdomo wazi. Aliponifikia akageuza kichwa, mdomo ukacheza, sauti haikutoka. Akanyoosha kidole. Nami, mjinga, nikakimbilia kupapasa tairi. Lilikuwa gumu kama jiwe. Alikuwa ananionyesha kifua.

Alianguka palepale mikononi mwangu. Tukampeleka hospitali, wakampiga picha, daktari akatuonyesha: mapafu safi, moyo mzima, hana kitu. Akarudia kwamba hana kitu. Ni kweli, hakuwa nacho tena. Arusha alikwenda kijana mwingine, mtu mzuri tu, simsemi.

Niliporudi Nyakato nilimweleza Mzee Masatu. Alikuwa ananyoosha rimu, akaiweka chini.

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia.

"Jibu nilikufundisha."

"Nilidhani ni utani, mzee."

"Utani gani mtu anaurudiaga miaka arobaini?" akasema, akaokota rimu yake. Hatujalizungumza tena.

Nimerudi pale kwenye majabali mara tatu, na pampu ileile, nimsubiri nimwambie nilikosea jina. Mara zote nimekula muwa peke yangu hadi jua likanichoka. Nilimlaumu Masatu, nikailaumu pampu, nikamlaumu na Mafuru kwa kuniazima. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Mafuru yupo hai. Anakaa nami kijiweni, ananibandikia viraka, kazi isiyotaka pumzi nyingi. Kutoka kitandani hadi getini anapumzika mara mbili. Mama sasa analima peke yake. Sijawahi kumwambia Mafuru. Ananiita kaka vilevile, ananisifu kwa wateja kwamba nilimdaka asipasuke kichwa kwenye mawe, nami nainamia tairi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa fundi au si fundi, mtu akikuuliza kitu hiki ni cha nani, usiwe mwepesi wa kutaja jina la umpendaye. Upepo, maji ya ziwani, mvua, usingizi, vyote hivyo mwenyewe ni mmoja. Mtaje huyo. Yeye hapungukiwi.

Juzi alasiri tulikuwa kijiweni, Mafuru anakwangua mpira kwa msasa. Ukapita mluzi barabarani, beti ya kwanza, kiitikio mara mbili, ukiupanda mwinuko bila kukatika. Mafuru akaacha msasa, akainua kichwa.

"Kaka, unasikia? Kuna mtu anapigaga mluzi kama nilivyokuwaga napiga mimi."

Niliitazama barabara mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mtu.

"Ni upepo tu," nikamwambia.