Vifaru vya Zinki vya Kisangani

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, mwenye karakana, hakunipa chombo chochote. Aliniwekea kiganjani kifaru kidogo cha kijani, mfano wa kile cha vita, akasema, "Angalia. Kesho utaniambia iko na kosa gani."

Kesho yake nikamwambia mzinga umepinda.

"Bon. Utabaki."

Patron alikuwa Mgiriki. Katika karakana yake, kwenye mtaa wa mji tulioita komini ya Kisangani, tulitengeneza mifano ya vifaru vyepesi vya vita kuu ya pili, vile vidogo vya askari wawili watatu. Havikuwa vya watoto. Watu wazima wa Ulaya walivinunua, wakavipanga kabatini.

Mimi nilikuwa wa kumimina. Umeme wa bwawa la Tshopo ukiwa mzuri, tanuru iliyeyusha zinki asubuhi mapema. Nilimimina ndani ya kalibu, yaani chuma cha vipande viwili chenye umbo la kifaru ndani yake. Ukisitasita, zinki inaganda njiani na mzinga unatoka nusu. Kisha unakata kwa tupa yale mabaki ya pembeni, tuliyoyaita ndevu.

Rangi ilikuwa kazi ya Mama Furaha, mtu wa Maniema. Alichanganya kijani na nyeupe kidogo, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya kitu kikubwa kinaonekana cheusi. Alipochora alama alizuia pumzi, na sisi wote tukaweka tupa chini.

Halafu serikali ikachukua biashara za wageni na kuwapa wananchi. Patron aliondoka kwa ndege. Maneno yake ya mwisho kwetu yalikuwa, "Musiache kalibu zishikwe na kutu."

Akaja Citoyen Directeur, mkurugenzi aliyepewa karakana yetu. Enzi zile hatukuruhusiwa kuitana bwana. Kila mtu alikuwa citoyen, mwananchi. Huyu hakuwahi kushika tupa. Alituagiza vifaru vya zawadi kwa mkubwa mmoja wa chama, akachagua mwenyewe kwenye picha za Patron: vile vyenye nyota nyeupe ubavuni.

Mkubwa alikuja karakana kuvipokea. Akageuza kimoja mkononi.

"Hii nyota iko ya nani? Chama yetu iko na mwenge."

Directeur alitazama chini. "Ni ule mama wa rangi, Citoyen. Alijifanyia tu."

Nikasema, "Citoyen, si kweli. Ni alama ya vifaru vya Wamarekani katika ile vita. Directeur mwenyewe alituonyesha picha."

Mkubwa aliwaita askari wake. Mama Furaha alifuta brashi yake vizuri, akaivika kifuniko, akaondoka katikati ya askari wawili.

Aliporudi, vidole vya mkono wa kuume havikukunjika tena. "Tuache hayo, papa," aliniambia nilipotaka kumuuliza. Akaanza kuuza chikwanga, mkate wa muhogo, bandarini.

Mimi nilihamishiwa Bangboka, nje ya mji, kulinda depo, yaani ghala, ya Directeur. Mwaka baada ya mwaka nilifungua mlango na kufunga mlango. Yeye aliuza tanuru, karakana akaigeuza nganda, kilabu cha bia. Siku moja nilipita pale nikaona kalibu zetu juu ya paa, zimekandamiza mabati yasiruke na upepo.

Nilipozeeka nilikwenda kuomba pensheni. Karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza mara mbili.

"Papa, mulikuwa munatengeneza nini?"

"Vifaru."

"Vya jeshi?"

"Vidogo. Vya zinki."

Akaniambia kampuni hiyo haijulikani, nirudi nikipata shahidi. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu, akiuza chikwanga, na hakutaka kusikia habari za ofisi.

Vijana husema sisi wazee tulifaidi enzi zile. Nilijua kazi ambayo watu wachache waliijua, na nikalipwa kwa kulinda mlango.

Mama Furaha alikufa msimu wa mvua. Kwenye matanga, binti yake aliketi karibu yangu akauliza, "Tonton, mbele ya kuanza kuuza chikwanga, mama alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza yote: kijani, nyota, pumzi aliyoizuia. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mzee aliyechanganyikiwa. Katika Kisangani nzima hapakuwa na kifaru hata kimoja cha kumwonyesha.