Sumaku Ndani ya Soksi

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala siwalaumu. Hata mke wangu alikataa kuyaamini, na alikuwa anayaona dirishani.

Mwenye kisa ni jirani yangu hapa mjini Flint, Harlan Jablonski. Tangu nduguye Norbert afariki, Harlan amekuwa akilitafuta gari la marehemu: jekundu, la mwaka sitini na tisa, milango miwili, na injini inayonguruma mpaka vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Mjane aliliuza, likapita mikono mingi. Machi iliyopita likaonekana kwenye banda la bwana mmoja, Duane Tibbits, upande wa Lapeer.

Huku kwetu mtu haendi kukagua gari kuukuu peke yake. Unachukua sumaku ndani ya soksi, isikwaruze rangi, na rafiki wa kuliponda gari kwa maneno ili bei ishuke. Kwa kuponda mimi nina kipaji. Kuna mtu niliwahi kumpondea gari lake mpaka akaniomba radhi.

Tulipofika, Duane alitufungulia banda, Harlan akagusa boneti. Ya baridi; vizuri, hakuna aliyeiwasha injini mapema kuficha ugonjwa wake. Akachungulia ndani, akaona alama ya sigara ya Norbert karibu na redio.

"Ndilo," akasema.

Akatoa sumaku. Kwenye paa ilinasa. Kwenye madigadi ya nyuma ikaanguka kama nzi aliyepuliziwa dawa. Akajaribu mlangoni, ikaanguka. Puti tupu chini ya rangi, hakuna chuma! Akalala chini, akachoma chesisi kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini, utadhani anakata keki.

Nami nikaifanya kazi yangu kwa ustadi wote. "Mjinga gani aliliendesha gari kama hili kwenye theluji, barabara zimejaa chumvi ya kuyeyushia barafu, inayokula chuma? Huyo alistahili baiskeli!"

"Sema wewe, mzee!" Duane akacheka. "Punguani kabisa."

Harlan akajibu akiwa bado chini ya gari. "Norbert huyo. Lori lake lilikuwa limekufa. Alikuwa anampeleka mama hospitali kusafishwa damu, baridi yote, mpaka mama alipofariki."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Duane akauliza.

"Texas."

Mimi nikajifanya napangusa vumbi kwenye boneti.

Duane akakuna shingo. "Bwana, sikufichi. Ukiliinua kwa jeki litakatika katikati. Chukua injini tu. Bodi watu wa vyuma chakavu wanakuja kuichukua kesho."

Sasa, chesisi ikioza, kila mtu wa huku anajua la kufanya: unashukuru, unafunga boneti, unaondoka. Harlan akashukuru. Akafunga boneti. Kisha akafungua mlango wa abiria, akakaa pale alipokuwa akikaa mama yake, mikono magotini.

"Harlan, twende."

"Natoka."

Hakutoka.

"Toka basi, ndugu yangu. Hilo si gari tena, ni kutu iliyopakwa rangi."

"Najua, Clete. Unadhani sijui? Miguu ndiyo haitaki."

Basi akalilipia, tukalivuta kwa winchi juu ya lori la Duane, polepole, kama watu wanaombeba mgonjwa aliyevunjika mgongo. Sasa liko gerejini kwake. Kulitengeneza hawezi, kulitupa hawezi. Kila jioni anakaa kwenye kile kiti cha abiria, nami nakaa kwenye usukani na kahawa yangu. Leo nimekuja na karatasi hizi ninamsomea, nikiongezea la mwisho kwa kalamu:

"Na Jumapili iliyopita, wasomaji wangu, nilimwona kwa macho haya akishika usukani, akaliwasha, likatoka kwa kishindo, likapita kanisani kwa kasi ya maili mia na—"

"Clete. Chungulia matairi hayo, hayana hata upepo. Na hapo ulipokaa wewe, mimi sijathubutu kukaa hata siku moja."